MREJESHO: yule wa field anayeosheshwa vyombo maabara

Wakuu, mimi ndo yule dogo wa kemia mwaka wa pili niliyeuliza nifanyeje, niko field maabara ya maji, wiki ya 3 naosha vyombo tu na logibuku haina cha kuandika. Wengine mlisema nihame, wengine nimfate supavaiza.

Nikajikaza nikamfata yule mama fundi sanifu, shikamoo mama, naomba nikae pembeni nione unavyofanya taitresheni (kudondosha kimiminika kidogo kidogo kwenye sampuli mpaka rangi ibadilike, ndo unapata kipimo). Akacheka, akasema kalete kwanza bureti uliyoosha jana, ule mrija mrefu wa kioo wenye alama za ml na koki chini. Akaijaza maji akafungua koki, matone yakabaki yameng'ang'ania kwa ndani ya kioo. Aisee niliona aibu! Kumbe bureti safi maji yanateremka kwa pamoja kama shuka, yakibaki matone ujue kuna mafuta na kipimo kinakudanganya. Yaani wiki 3 nilikuwa nalalamikia kazi ambayo hata siijui.

Nikairudia kwa sabuni ya maabara na maji yale yasiyo na madini, kama ya kuongezea betri (siyo asidi), kesho yake akanipa sampuli ya kisima nipime ugumu wa maji, yaani kalsiamu na magnesiamu iliyomo: EDTA, kemikali inayoyashika madini hayo, kwenye bureti, bafa ya kushikilia pH 10, kiashiria cha kubadili rangi, unasubiri rangi itoke nyekundu ya zabibu iwe bluu. Ya kwanza niliipitiliza kwa haraka zangu, tatu zilizofuata zikapishana ml 0.1 tu, mama akasaini logibuku bila neno.

Mliosema nihame nawaheshimu ila hapana. Nauli ya kwenda field ndo bado haijaeleweka, natembea.