Nimepewa umeneja wa tawi: nipime vipi kabla sijasaini?

Mhasibu wa Mbagala
Wakuu, naomba ushauri. Ni mhasibu kwenye kampuni binafsi hapa Dar, mshahara wa msingi 1,400,000. Nimepewa barua ya umeneja wa tawi kwa 2,000,000, nijibu ndani ya wiki. Meneja anayeondoka hutoka ofisini saa mbili usiku, na Jumamosi yupo. Nina watoto wadogo, jioni ndiyo muda wetu. Sitaki kukataa kwa woga wala kukubali kwa sifa.

Hesabu Kwanza
Hongera mkuu. Anza na kinachofika mfukoni. Nyongeza ni 600,000. NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) 10% inachukua 60,000. Zile 540,000 zilizobaki zote zinakatwa PAYE (kodi ya mshahara) ya 30%, maana umeshavuka milioni moja: 162,000 zimekwenda. Unabaki na 378,000. Kama bado unadaiwa mkopo wa chuo na Bodi ya Mikopo, toa pia 15% ya ile nyongeza, yaani 90,000, mkononi 288,000.

Sasa saa. Kwa ratiba ya meneja huyo, tuseme utapanda kutoka saa 45 hadi 60 kwa wiki: ni kama saa 65 zaidi kwa mwezi. 378,000 gawanya kwa 65, unapata kama 5,800 kwa saa. Leo, baada ya makato hayohayo ya NSSF na PAYE, saa yako inalipa kama 5,400. Bei ya saa yako haijapanda sana. Kwa wenye deni la Bodi ni hivyohivyo: saa za ziada zinalipa 4,400 hivi, na saa ya leo kama 4,300.

Afisa Utumishi
Kuna jambo wengi hawalijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa saa 45 kwa wiki, ovataimu kwa mara moja na nusu isiyozidi saa 50 katika wiki nne, na saa 12 za kupumzika kati ya siku na siku. Kifungu cha 17 kinawaondoa humo wanaosimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Meneja wa tawi mara nyingi ndiye huyo. Likizo ya siku 28 inabaki.

Kwa hiyo ovataimu yako ya leo ni kama 10,770 kwa saa kabla ya makato. Ukiwa meneja, saa ya ziada ni kama 9,230. Sheria isipokulinda tena kwenye saa, mkataba ndio ukulinde: siku za kutoka saa kumi na moja, Jumamosi ngapi kwa mwezi, nani anapokea simu za usiku.

Ngazi kwa Ngazi
Tusiidharau 378,000 lakini. Kwa mwenye ada na kodi ya nyumba ni pesa ya maana.

Kinachowaumiza mameneja wapya ni meza ya zamani kukosa mtu. Unakuwa meneja mchana, mhasibu usiku. Muulize mkurugenzi: nani anachukua nafasi yangu, na tarehe ipi? Akijibu "tutaona", omba kukaimu miezi mitatu, kwa barua inayotaja posho ya kukaimu na haki ya kurudi kwenye nafasi yako. Andika kila siku saa uliyoingia na uliyotoka. Usipime kwa wiki mbili za mwanzo, kazi halisi huonekana wakati wa kufunga hesabu za mwezi.

Na usiende kumwambia "nataka muda wa familia". Sema: "Jumatatu, Jumatano na Ijumaa natoka saa kumi na moja, msaidizi atafunga tawi." Ombi la namna hiyo linajibika ndiyo au hapana.