Ramani ya hali ya hewa: mbona kwetu hakuna mistari yenye pembetatu?

Mbao_Njombe: Shikamooni. Niko kidato cha tano, HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza). Ramani za Ulaya kitabuni zimejaa mistari ya bluu yenye pembetatu na myekundu yenye nusu duara. Utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) kwenye TV sioni hata mmoja. Mistari hiyo, yaani fronti, haifiki Tanzania? Na nikipewa ramani kwenye mtihani nianzie wapi?

Mwl_Jiografia: Marahaba. Pembetatu ziache kwanza, anza na isoba. Ni mistari inayounganisha mahali penye kanieneo (mgandamizo wa hewa) sawa, na ramani nyingi huzichora kila baada ya milibari 4. Zikibanana, upepo ni mkali. Kisha tafuta kanieneo dogo, ujiulize uko upande gani wa ikweta: kusini upepo hulizunguka kama mishale ya saa, kaskazini kinyume chake. Hapo ndipo vijana wangu wanapoteza maksi kila mwaka, wamekariri Ulaya!

Fronti ni mpaka wa hewa baridi na hewa ya joto. Ncha za pembetatu zinaonyesha inakoelekea. Kwenye pembetatu hewa baridi ndiyo inayosonga: ni nzito, hupenya chini ya ile ya joto na kuinyanyua kwa ghafla, ndiyo maana mvua yake ni kubwa lakini haidumu. Kwenye nusu duara hewa ya joto hupanda taratibu. Tegemea manyunyu ya muda mrefu.

Sisi wa tropiki, joto la hewa ya upande huu na ule halipishani sana, hivyo hakuna mpaka wa kuchora. Vuli na masika huja na ukanda wa mvua unaolifuata jua kusini na kaskazini.

Baharia_CapeTown: Huku Juni hadi Agosti tunapata fronti za pembetatu moja baada ya nyingine. Kabla haijafika, upepo unatoka kaskazini magharibi na baromita (kipimo cha kanieneo) inashuka. Ikipita tu, upepo unageukia kusini magharibi, baromita inapanda, baridi usiseme. Hewa hiyo ya nyuma yake wakati mwingine hupanda na Mlango wa Msumbiji hadi nyanda zenu za juu. Mdogo wangu wa Njombe, mstari haukufikii ila baridi ya Julai unaijua.

Mbao_Njombe: Aisee, asanteni. Na kimbunga Hidaya cha Mei 2024, kilikuwa na fronti?

Mwl_Jiografia: Hakikuwa nayo. Kimbunga cha tropiki hupata nguvu kwenye joto la bahari, si kwenye mgongano wa hewa mbili. Ramani yake ni isoba za mviringo zilizobanana. Upepo wake ulizunguka vipi? Jibu wewe.

Mbao_Njombe: Kama mishale ya saa, mwalimu.