Tupeane uzoefu: beta za programu za kubana sauti zimewafanyia nini?

Fundi Sauti, Wandegeya

Jamani habari zenu. Naanza mimi kwa sababu mimi ndio mwenye kidonda. Kuna programu moja ya kubana sauti bila kupoteza kitu, nimeitumia miaka, jina siliweki hapa maana wanaoiandika ni watu wanajitolea na walisema wazi kabisa kwamba hii veshoni mpya ni beta, yaani bado ya majaribio, usiitumie kwa kazi ya maana. Mimi nikasoma mstari mmoja tu, ule unaosema sasa inatumia kora zote za prosesa, yaani vichwa vyote vya kufikiri vya kompyuta, kwa pamoja. Basi. Nikaidaunlodi saa sita usiku na bando ya usiku, nikaielekeza kwenye folda ya GB 38, humo mna kwaya, harusi, matangazo ya redio, na nyimbo 19 za mzee mmoja wa Mukono anayepiga endingidi (zeze la uzi mmoja), nilimfuata siku tatu mpaka akakubali kurekodiwa. Halafu nikafanya lile jambo. Nikaiambia ikimaliza kila faili ifute WAV yake, yaani ile ya asili isiyobanwa, kwa sababu diski ilikuwa imebaki na nafasi ya kuku chini ya siti ya teksi.

Asubuhi naamka, GB 38 zimekuwa 21, kila kitu kinafunguka, kinapiga vizuri, nikajipongeza na rolex (chapati ya kukunjia mayai) ya mayai matatu. Wiki ikapita. Siku naandaa nyimbo za mzee ndio nikasikia. Huyu mzee kila wimbo akimaliza anashusha uta wake na kusema "weebale", taratibu, kama anamshukuru mtu aliyekaa pembeni yake. Sasa anasema "wee" halafu kimya. Wimbo wa kwanza "wee", wa pili "wee", zote 19. Beta ilikuwa inaangusha kipande cha mwisho cha kila faili, kama nusu sekunde hivi, kora moja ilikuwa inafunga faili kabla mwenzake hajakabidhi kazi, ndivyo walivyoeleza walipotoa beta ya pili siku nne baadaye. Kwa kwaya hakuna aliyegundua. Kwa mzee nilikaa chini.

Haya leteni za kwenu, beta na hizi kodeki, yaani programu za kubana na kufungua sauti, kwa jumla, nzuri na mbaya. Msinionee huruma, nimeshajitukana vya kutosha.

Mpakani Busia

Pole kaka, lakini nitakugombeza kidogo. Kufuta WAV kwa beta? Yaani hata fundi nguo hachomi kitambaa kilichobaki kabla mteja hajajaribu suti.

Kwa wanaosoma tu, FLAC, kodeki ya bure isiyopoteza kitu, iko na kitu kizuri sana, mwanzoni mwa kila faili inaandika MD5 ya sauti yenyewe kabla haijabanwa, ni kama alama ya kidole. Ukiandika flac -t inafungua faili yote kimyakimya mpaka mwisho na kulinganisha, hata sampuli moja (kimoja kati ya vipimo maelfu vya kila sekunde ya sauti) ikipotea inakwambia. Na ukiweka -V wakati wa kubana, inabana huku inafungua ile iliyobanwa na kuilinganisha na ya asili palepale. Inachelewesha kidogo, na huo ucheleweshaji ndio usingizi wako. Hayo mambo ya kora nyingi FLAC nayo imeyapata kwa veshoni ya 1.5.0 ya Februari 2025, unaandika -j na namba ya nyuzi, yaani kazi za pamoja, unazotaka, mimi naweka 4 na laptopu yangu inapiga kelele kama posho mill lakini kazi inaisha.

Yangu ilikuwa tamaa tu, hata si beta. Nilisikia Monkey's Audio, kodeki nyingine isiyopoteza, inabana zaidi, nikachukua kiwango cha mwisho kabisa, kile wenyewe wamekiita Insane, maana yake kichaa, na mimi nikaona hilo jina ni sifa. Nikabana albamu zote. Kumbe ile kodeki jasho inalolimwaga wakati wa kubana ndilo hilohilo inalimwaga wakati wa kufungua, si kama FLAC ambayo ukibana kwa 0 au kwa 8 kufungua ni rahisi tu. Kwa simu yangu ya zamani wimbo ulikuwa unaanza, unakwama, unaanza, simu inachemka mfukoni nikiwa kwenye boda nikadhani nimekalia kitu. Nafasi niliyookoa kwa albamu ilikuwa kama MB 15. Nikarudisha zote FLAC wikendi nzima, na uzuri ndio huo, ukitoka kodeki moja isiyopoteza kwenda nyingine sauti inabaki ileile, unapoteza wikendi tu.

Afande Mstaafu

Nawasalimu wote. Kiswahili changu ni cha kambini mtanivumilia. Nilipiga tarumbeta kwa bendi miaka mingi, sasa narekodi vijana wakifanya mazoezi na harusi nikipata.

Kwanjula (sherehe ya kumtambulisha bwana arusi kwa wakwe) moja ya Masaka nilirekodi moja kwa moja kwa laptopu, biti 24 kwa kHz 96, ubora wa juu kuliko CD, nani alinituma sijui, nilitaka tu kuonekana mkubwa. Wasemaji wa pande mbili walibishana masaa mawili na dakika 15 bila kupumua. Nyumbani nabana, programu ikamaliza haraka ajabu, nikasema hii beta ni roketi. Nafungua, dakika 10 na sekunde 43. Nikahisi jasho. Babake bibi arusi alikuwa ameshanilipa nusu.

Kijana mmoja akanieleza, afande, WAV inaandika ukubwa wake kwa namba ya biti 32, haiwezi kuhesabu kupita GB 4, ikifika hapo inarudi sifuri kama mita ya gari kuukuu. Kwa biti 24 na kHz 96, stirio, GB 4 zinajaa kwa masaa mawili na dakika nne na kidogo. Zilizobaki ndio zile dakika 10. Sauti yote ilikuwepo kwa diski, kichwa cha faili, pale mwanzoni panapoandikwa ukubwa, ndicho kilichodanganya, na programu ikakiamini kama askari mpya anavyoamini kila amri. Kwa FLAC kuna amri inaitwa --ignore-chunk-sizes, inaambiwa usisikilize kichwa, soma mpaka mwisho. Ikatoka yote. Kwa hiyo mimi beta siilaumu, na WAV sikufuta, sababu jeshini hautupi maganda mpaka yahesabiwe.

Kijana wa Jinja

Samahani wakubwa, swali la kijinga, kwani kuzipu haitoshi? Mimi nazipu tu natuma.

Mpakani Busia

Si la kijinga. Jaribu mwenyewe, zipu WAV ya wimbo uone, inapungua kidogo sana unaweza hata kukasirika. Zipu inatafuta vitu vinavyojirudia vilevile, na sauti haijirudii vilevile hata mpigaji akipiga noti ileile mara mia. Hizi kodeki zinafanya kitu kingine, zinabahatisha. Chukulia boda wako wa kila siku, ukitoka tu getini anajua unaenda wapi, hauongei, unaongea tu siku unaenda kwingine. Kodeki inaangalia sampuli chache zilizopita, inakisia inayofuata, halafu inaandika tu ile tofauti ya kukosea kwake, na tofauti ni namba ndogo ndogo zinazoingia kwa biti chache. FLAC inaziandika kwa njia inayoitwa Rice, si mchele, ni jina la Robert Rice aliyeibuni. Anayefungua anakisia vilevile, anaongeza tofauti, anapata sauti yako namba kwa namba. CD ya dakika moja ni kama MB 10, ikibanwa inaweza kuwa 5 au 6, na kwa bei ya bando na ile kodi ya asilimia 12 waliyoweka Uganda juu yake tangu Julai 2021 mimi nazihesabu hizo MB moja moja.

Mama Kwaya, Arua

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mimi si fundi, mimi naongoza waimbaji na kijana wangu ndiye aliniwekea beta moja kama hizo kwa kompyuta ya kanisa, lakini nina la kusema.

Sisi tunaimba na adungu, vinubi vyetu, ndogo, za kati, na ile kubwa ya besi ambayo mpigaji anakaa nyuma yake humuoni. Siku moja tulirekodi adungu moja peke yake, maiki moja, na faili ikabanwa ikawa ndogo mno, asilimia 27 ya ile ya kwanza. Nikaogopa, nikamwita kijana, nikamwambia hii kitu imekula wimbo wetu. Akacheka. Akasema mama, maiki ni moja lakini mashine inarekodi pande mbili, kulia na kushoto ni kitu kilekile, programu imegundua, imeandika upande mmoja na kwa ule mwingine imeandika "kama huyo". Nikamwambia nithibitishie. Akafungua faili ikawa WAV tena, akaigeuza kichwa chini, mawimbi yote juu chini, akaiweka juu ya ile ya asili, akapiga zote pamoja. Kimya. Kimya kabisa, hata ile sauti ya feni ya ofisi iliyokuwa kwa rekodi haikuwepo. Nikasogeza sikio kwa spika. Hakuna. Hapo nikaamini, sababu kama ingekuwa imekula hata kidogo hicho kidogo kingesikika.

Lakini sasa niulize. Kuna wimbo mwingine, waimbaji walewale, kanisa lilelile, dakika zilezile, huo unakataa kubanwa, asilimia 79. Siku hiyo mvua ilinyesha, kanisa letu ni la mabati. Ni hiyo?

Fundi Sauti, Wandegeya

Ni hiyo mama, bila shaka. Mvua juu ya mabati ni matone maelfu kila moja na wakati wake, hakuna kodeki inayoweza kukisia tone linalofuata litaanguka lini, kwa hiyo inabidi iandike karibu yote. Adungu inakisika. Mvua haikisiki.

DJ wa Mbale

Mimi nimecheka na "kichaa" hapo juu. Haya ya kwangu. Kuna duka moja mjini wanakuwekea nyimbo kwa flashi, mp3 bei yake, "FLAC orijino" bei mara tatu. Nikanunua za kadongo kamu (muziki wa gitaa wa Kiganda) za zamani 60, nikajisikia tajiri. Kwa klabu sikusikia tofauti, nikasema labda ni spika. Nyumbani beta ya hiyo kodeki nyingine ninayojaribu ilipozibana ikazibana vizuri ajabu kuliko CD zangu halisi za muziki wa aina hiyohiyo, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi, nikafungua spektogramu, ile picha inayoonyesha sauti za chini mpaka za juu. Juu ya kHz 16 ni nyeusi tii, imekatwa mstari mnyoofu kama paa la nyumba. Hiyo ni mp3 ya kbps 128 wameivika koti la FLAC. Programu haijakosea, imetunza kila kitu ilichopewa, tatizo ilipewa makapi. Nilirudi dukani, mwenye duka akaniambia ssebo lakini si faili imekuwa kubwa? Kweli imekuwa kubwa, sikuwa na jibu.

Kijana wa Jinja

Banange 😂😂 mimi ninazo hizo, kutoka duka lingine lakini. Ngoja niangalie.

Nimeangalia. Mstari upo.

Mpakani Busia

Na kwa wenye zile rekoda mpya za floti biti 32, yaani namba zenye desimali, muwe macho, FLAC haichukui floti, inachukua namba nzima tu, programu nyingine inaweza kukubadilishia kuwa biti 24 na usione. WavPack, kodeki nyingine, ya David Bryant, inachukua floti ilivyo. Hiyohiyo WavPack inaweza kugawa faili mbili, ndogo ya wv inayopoteza kidogo unawatumia redio, na ya wvc unabaki nayo, ukiziweka pamoja unapata ya asili yote. Mimi niliweka wvc kwa flashi, dadangu akaiformati akaweka sinema za Kinaijeria. Sijui kodeki gani inazuia hiyo.

Fundi Sauti, Wandegeya

Nimerudi na ripoti. Jumamosi nilienda Mukono kwa mzee. Nikamweleza kwa Luganda taratibu kwamba mashine imekula "weebale" zake, nikamuomba anisemee tu neno lenyewe mara 19 nipachike mwenyewe. Akaniangalia muda mrefu. Akasema haiwezekani, weebale ni ya wimbo, wimbo usipokuwepo anamshukuru nani? Akataka kuku na soda mbili, akaanza kupiga upya, wa kwanza mpaka wa mwisho, na mimi safari hii WAV ziko kwa diski mbili na nyingine kwa flashi ndani ya soksi.

Wimbo wa 14 mvua ikaanza, nyumba yake mabati. Nikamwonyesha mkono tusimame, akakataa kwa kichwa, akaendelea, akapandisha sauti ya endingidi juu ya mvua mpaka mwisho. Huo mmoja umebanwa ukabaki asilimia 81, mama kwaya nimekupita. Nimebana kwa FLAC, veshoni ya zamani, na -V, nikapitisha -t kwa zote 19, halafu hata hiyo sikuiamini nikasikiliza mwisho wa kila moja kwa headfoni. Weebale ipo. Kwa wimbo wa 14 inabidi uongeze sauti uisikie kwa ajili ya mvua, lakini ipo, na baada yake anauliza kama kuku ameshachinjwa.