Mpwa wangu kapata divisheni wani ya 15: yeye anataka PGM, mama yake PCB. Ushauri wakuu

Mjomba_Misungwi:
Wakuu, habari za jioni.

Nina mpwa wangu wa kike, naishi naye tangu yuko darasa la tano, baba yake alipofariki. Matokeo ya kidato cha nne kapata divisheni wani ya pointi 15. Kiswahili A, Jiografia A, Fizikia B, Hesabu B, halafu Kemia, Baiolojia na Kiingereza ni C. Shule ya kata hiyo, na Fizikia walifundishwa na kijana wa kujitolea, kwa hiyo ile B mimi naiona kama A.

Kwenye selfomu, ile fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano, alijaza PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) chaguo la kwanza kwa sababu mama yake, dada yangu, alishasema nyumbani lazima atoke daktari. Sasa dirisha la kubadili tahasusi, yaani kombi ya masomo, limefunguliwa, binti kaniita pembeni: "Mjomba, mimi nataka PGM." Yaani Fizikia, Jiografia na Hesabu.

Chanzo nakijua. Mwaka jana wapimaji walikuja mtaani kwetu kurasimisha viwanja. Likizo nzima ile alikuwa nyuma yao, mwishowe wakamwachia awashikie ile fimbo ya kifaa chao. Jioni anarudi na vumbi mpaka kwenye kope, ananieleza jinsi kile kipovu kinavyotakiwa kitulie katikati ya duara ndipo wasome namba, na kwamba mkono ukitetemeka bikoni, ile alama ya mpaka, inahama kwa jirani. Kwenye Baiolojia sijawahi kumsikia akiongea hivyo.

Dada naye anasema: "Sijauza dagaa miaka yote hiyo ili mwanangu akachomeke vigingi porini." Wote wawili wananitazama mimi, na mimi niliishia la saba. Nisaidieni.

Babu_Kidevu:
Wani ya 15 halafu akapime viwanja? Apige PCB huyo. Wagonjwa hawaishi.

Dokta_wa_Zamu:
Wagonjwa hawaishi, ila ajira zinaisha, mkuu. Mimi nimesoma PCB, MD (shahada ya udaktari) miaka mitano, mwaka wa sita mafunzo ya vitendo hospitalini, kisha nikajitolea mwaka mmoja na ushee nikila kwa wazazi ndipo jina likatoka kwenye ajira. Sijutii, kazi naipenda. Lakini niliipenda kabla ya kuianza, na hapo ndipo pananitia shaka kwa huyu binti.

Mjomba, muulize jambo moja. C ya NECTA, Baraza la Mitihani, inaanzia 45 mpaka 64. Yake ni C ya mtu aliyekosa B kidogo, au ya mtu aliyeponea chupuchupu? Karatasi ya matokeo haisemi, ila yeye na mwalimu wake wanajua. Darasani kwetu tulikuwa na wenzetu walioingia PCB na C ya kubahatisha. Kemia ya Advance, ya kidato cha tano na sita, iliwamaliza kwenye okaniki (kemia ya kaboni) kabla hata muhula wa kwanza haujaisha.

Ticha_Fizikia:
Nafundisha Fizikia kidato cha tano na sita, kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo, mnivumilie.

Watu wanaangalia kombi kwa jina la kazi moja. Angalieni inafungua nini na inafunga nini. PCB hasomi Hesabu za Advance, anasoma BAM, ile hesabu ya msingi ya ziada. Maana yake akibadili mawazo baada ya kidato cha sita, uhandisi ameshaupa mkono wa kwaheri. PGM nayo inamfungia udaktari na famasia moja kwa moja, hilo dada yako aambiwe wazi, asije akadai baadaye mlimficha. Ila ana Fizikia na Hesabu za Advance, na hizo mbili ndizo nguzo za uhandisi mwingi. Upimaji ardhi, mipango miji, hali ya hewa, vyote viko mlango huo. Akitaka kuacha mlango mpana zaidi kuna PCM (Fizikia, Kemia, Hesabu), ila hapo Kemia anabaki nayo.

Ile kauli kwamba PGM ni ya walioshindwa Kemia naisikia kila Julai. Ukweli ni kwamba wengi wa PGM wanaanguka Hesabu. Wanakuja na A ya Jiografia, wanadhani itawabeba, wakikutana na integresheni wanaanza kuulizia kuhamia HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza). Kwa hiyo kabla hujabadili chochote, azima kitabu cha Hesabu za kidato cha tano, mpe wiki mbili. Usimuulize kama ameelewa. Angalia kama anakirudia bila kusukumwa.

Halafu TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wanatoa mwongozo wa udahili kila mwaka, bure mtandaoni. Sifa za kila kozi zimo. Msiamini hata mimi, fungueni msome. Na tahasusi siku hizi si zile tulizozijua: tangu 2024 zimefika 65, ila si kila shule ina kila kombi.

Bikoni_255:
Mpimaji hapa, nimetoka Chuo Kikuu Ardhi, pale eneo la Survey, Dar. Mwambie dada kwamba vigingi ni robo ya kazi. Zinazobaki ni hesabu, ramani na kompyuta, na sasa tunarusha droni. Barabara, reli, mgodi, bomba la maji, hakuna kinachoanza kabla hatujapita.

Lakini nisiwape asali tupu. Jua ni kali, nyoka wapo, na nimeshawahi kufukuzwa na panga na mtu na kaka yake waliokuwa wanagombea mpaka. Kazi binafsi ukimaliza, mteja anazima simu. Binti mwenye moyo anaweza; bosi wangu wa kwanza alikuwa mwanamke, na hakuna aliyemzidi kutembea.

Advance ikiwa ngumu kwa nauli na michango, vyuo vya ardhi vya Morogoro na Tabora vinatoa stashahada, na vinapokea wa kidato cha nne.

Chuma_Chakavu:
Nchi hii usome PCB usome PGM, bila konekisheni utaishia kwenye boda.

Mjomba_Misungwi:
@Chuma_Chakavu mimi ndiye naendesha boda, mkuu. Ndiyo iliyomlipia twisheni.

Chuma_Chakavu:
Nimekoma mjomba. Salamu kwa binti.

Mjomba_Misungwi:
Mrejesho, wakuu.

Kitabu nilikiazima kwa kijana wa jirani aliyemaliza mwaka jana. Siku nne za kwanza alikuwa analalamika. Ya tano nimerudi saa nne usiku, nikamkuta sebuleni na daftari, chai imepoa pembeni imefanya utando. Kuhusu Kemia kasema mwenyewe: "Mjomba, ile C nilikariri."

Dada nilimsomea maneno ya Dokta na ya Bikoni, hata lile la panga sikulificha. Akanyamaza muda mrefu akichambua dagaa wake, kisha akauliza, "Na huyo bosi mwanamke, aliolewa?" Sikuwa na jibu, Bikoni utanisaidia hapo. Baadaye akasema tumjazie PGM kwanza, PCM ya pili, ila shule isiwe ya mbali ya kulala njiani.

Sasa hivi tuko kwa kijana wa stesheneri. Namba ya mtihani tumeingiza, mtandao unazunguka tangu saa mbili.

Bikoni_255:
Ana watoto watatu. Jaribuni alfajiri, mtandao unakuwa mwepesi.