Natafuta chenso ndogo ya mtumba ya kupogolea miti ya nyumbani, nipo Tabora. Nikague nini?

Mwalimu_wa_Ipuli

Habari za jioni ndugu zangu, wakubwa shikamooni.

Nipo Tabora mjini, Ipuli. Kiwanja alichotuachia marehemu baba kina miembe minne, mjohoro mmoja ulioegemea paa la jiko, na mwarobaini kwenye uzio. Kila mwaka maembe yakiisha naita vijana wapunguze matawi. Safari hii walikuja na mapanga, wakalikata tawi nene la mwembe wa mbele kwa upande wa juu tu. Likameguka kwa uzito wake na kushuka na gome hadi karibu na shina. Mwembe ule baba aliupanda mwaka niliozaliwa. Nilitoka kazini nikaukuta unachuruzika utomvu, roho ikaniuma kweli.

Nimeamua ninunue chenso yangu, kazi nisimamie mwenyewe. Atakayeishika ni mtoto wa kaka yangu, kijana mtulivu, ana miaka 22. Kazi yenyewe ni siku mbili tatu kwa mwaka, matawi mengi ni unene wa paja kushuka chini.

Nimeona tatu. Ya kwanza ni Stihl MS 180 ya jamaa wa mbao, imepakwa rangi upya, inang'aa, anataka 350,000. Ya pili ni Stihl MS 170 ya familia moja Cheyo, imekaa stoo zaidi ya mwaka, haiwaki, wanasema 300,000. Ya tatu ni mpya ya dukani, ya Kichina, sisi 52 (ukubwa wa injini), bamba, yaani kile chuma kirefu kinachobeba cheni, la inchi 20, shilingi 280,000.

Mimi ni mwalimu wa Historia, injini sizijui. Naombeni mnielekeze.

Kijana_wa_Ngambo

Dada chukua mpya ya Kichina. Bei nafuu kuliko hizo kuukuu, spea zipo, na sisi 52 ni nguvu ya kutosha. Mtumba ni kununua matatizo ya mwenzako.

Fundi_Mstaafu

Marahaba mwalimu. Nimepasua mbao miaka kumi na saba kwenye mapori ya Urambo na Kaliua, sasa nina banda la kutengeneza chenso na pampu za maji hapa mjini. Nikujibu kwa urefu maana jambo hili lina damu ndani yake.

Kijana wa Ng'ambo hajakosea kuhusu spea. Lakini bamba la inchi 20 kwa kupogoa mwembe wa nyumbani ni refu mno. Ncha yake inapita upande wa pili wa tawi, mshikaji haioni. Ikigusa tawi jingine huko nyuma, msumeno unaruka kuelekea usoni kabla hujakonyeza jicho. Mimi ulinirukia mwaka wa nne wa kazi, breki ya cheni ilikuwa imekufa na bosi wetu alisema itatengenezwa wiki ijayo. Nina kovu kutoka begani hadi karibu na shingo. Kwa kazi yako bamba la sentimita 30 au 35 linatosha kabisa. MS 170 ina sisi 30 na MS 180 ina karibu 32, tofauti yao ni ndogo, hali ya injini ndiyo ya kutazama.

Sasa ukaguzi. Ukifika kwa muuzaji, kabla ya salamu kuisha, gusa eksozi. Kama ina moto, ameshaiwasha kabla hujaja ili ikubali mbele yako. Mwambie utarudi jioni uikute ya baridi.

Kisha zima swichi, shika kishikio cha kamba ya kuwashia, uiache chenso ining'inie kwa kamba hiyo. Yenye kompresheni nzuri, yaani mgandamizo wa injini, inashuka polepole, kwa kusitasita, kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Iliyochoka inaporomoka moja kwa moja.

Halafu omba eksozi ifunguliwe. Muuzaji akikataa, aga uondoke. Ukimulika na tochi ya simu kwenye lile tundu huku ukivuta kamba taratibu, utaiona pistoni ikipita. Iwe nyororo. Ukiona michirizi ya kusimama, ya juu kwenda chini, kama imekwaruzwa na msumari, hiyo iliwahi kunyimwa oili ikachomeka. Rangi mpya ya nje haiondoi michirizi hiyo. Na chenso ya pori, mwalimu, hata kama ni ndogo, inakuwa imefanya kazi ya miaka kumi kwa miaka miwili. Rangi mpya inanitia shaka kuliko kutu.

Hiyo ya stoo nayo ina ugonjwa wake, ila ni ugonjwa wa kutibika. Petroli iliyochanganywa ikikaa miezi inageuka gundi, inaziba kabureta, kile kingozi chembamba cha ndani kinakakamaa na mpira wa mafuta unapasuka. Ukinusa tangi utasikia harufu kama ya vanishi. Kama pistoni ni safi na inashuka polepole kwenye kamba, basi shida ni mafuta tu, na bei ishuke kwa sababu hiyo.

Ikiwaka, angalia mambo matatu. Silensani, yaani ikinguruma bila kupigwa resi, cheni isitembee. Ukisukuma kinga ya mbele, ndiyo breki yenyewe, cheni isimame papo hapo, hilo usilisamehe hata kidogo. Mwisho elekeza ncha kwenye kipande cha boksi bila kukigusa, piga resi: utoke mstari mwembamba wa oili. Usipotoka, pampu ya oili au njia yake imeziba.

Oili ya kuchanganya na petroli: ukitumia ya Stihl wenyewe ni moja kwa hamsini. Nunua bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa, bomba moja kwa kila lita ya petroli. Oili nyingine za tu-stroki weka mabomba mawili. Kwenye cheni usiweke oili chafu ya bodaboda, ina chembe za chuma zinazokula bamba na pampu. Kazi ikiisha mwaga mafuta, iwashe mpaka izime yenyewe, ndipo uihifadhi. Kwa mtu wa siku tatu kwa mwaka, hapo ndipo chenso inapofia.

Mrina_asali_Sikonge

Dada pole kwa mwembe. Mzee kasema yote ya injini, mimi naongezea ya mti.

Tawi linakatwa mara tatu. Kwanza chini, kama robo ya unene, hatua moja kutoka shinani. Pili juu, mbele kidogo ya pale ulipokata chini. Tawi linaanguka, gome linaishia kwenye ule mkato wa kwanza. Tatu unaondoa kisiki kilichobaki, karibu na ile shingo iliyovimba tawi linapoungana na shina, lakini shingo usiiguse, hapo ndipo mti unapofungia kidonda. Pale palipochanika, kwangua kingo zilizoning'inia kwa kisu kikali, ziwe laini.

Matawi ya unene wa kifundo cha mkono tumieni msumeno wa mkono, na chenso isipande juu ya ngazi. Utomvu wa mwembe unaunguza ngozi, kijana avae mikono mirefu na miwani.

Na kabla ya kuwasha, zunguka kila mti mkatazame mashimo. Nyuki hukaa kwenye miembe mizee, na mngurumo wa injini unawakera vibaya. Mkiwaona, msifukize wenyewe, mwite mrinaji usiku awahamishe.

Kuhusu kibali cha kukata miti, pita kwa afisa misitu wa wilaya umuulize kabla ya kukata. Na mwenye chenso akupe hati ya mauziano yenye sahihi yake na namba ya mashine.

Mwalimu_wa_Ipuli

Nimerudi ndugu zangu. Shikamoo tena mzee wangu.

Ile ya rangi mpya niliining'iniza mwenyewe. Ilianguka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Jamaa hakutaka kufungua eksozi, nikamuaga kwa heshima.

Cheyo walikubali kila kitu. Tangi lilinuka vanishi kama ulivyosema, mpira wa mafuta umepasuka, ila pistoni ilikuwa inang'aa, haina mchirizi hata mmoja. Tumekubaliana 230,000, nikaandikiwa hati. Fundi kabadilisha mpira na kingozi cha kabureta kwa 25,000. Ilivutwa mara tano ikawaka, na mstari wa oili ukatoka kwenye boksi la sabuni. Breki inashika.

Afisa misitu nimemuona. Jumamosi tumeondoa matawi mawili ya mjohoro juu ya jiko kwa mikato mitatu, gome halikuchanika. Mwembe wa baba nimeukwangua kingo kwa mkono wangu, sikumwachia mtu.

Cheni imeanza kutoa unga badala ya vipande. Tupa ya mviringo ya kuinolea niliyopata dukani ni ya milimita 4.8. Inafaa?

Fundi_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Unga maana yake imeshapoteza makali, simamisha kazi. Na hiyo 4.8 usiitumie hapo, ni nene kwa cheni ya mashine hiyo, itaharibu umbo la jino. Inataka milimita 4 kamili. Ninazo mbili bandani. Njoo na kijana mwenyewe, alete na cheni, nimwonyeshe mkono unavyokwenda.