Shahada ya lugha na ualimu wa shule ya msingi nje ya nchi: nianzie wapi?

Swali
Habari za wakati huu, ndugu zangu. Nimehitimu shahada ya kwanza ya lugha, na nia yangu ni kwenda nje kufundisha shule ya msingi, nikiwa na darasa langu mwenyewe. Matangazo ya kazi yananichanganya: moja linaridhika na shahada yoyote, jingine linadai leseni ya ualimu na uzoefu wa miaka 2. Je, nijaribu hivi hivi, au nikasomee ualimu kwanza?

Jibu la 1
Matangazo hayo hayapingani, ila yanatafuta watu wawili tofauti. Linaloridhika na shahada yoyote aghalabu ni la mwalimu msaidizi wa lugha, kama wale wa mpango wa JET wa Japani, ulioanza mwaka 1987: msaidizi husimama pamoja na mwalimu mwenyeji, hutamkisha maneno na kuendesha michezo, lakini darasa si lake. Mwenye darasa hufundisha hesabu, sayansi, kusoma na kuandika, hupatanisha waliogombania kifutio, na katika shule za serikali kwa kawaida hudaiwa sifa za ualimu. Ukiielekea Uingereza, kwa mfano, utakutana na PGCE, kozi ya uzamili ya mwaka mmoja. Hakikisha inaambatana na QTS, yaani hadhi ya mwalimu aliyefuzu, kwa kuwa zipo PGCE zisizoitoa. Tena kwa shule ya msingi huulizwa pia ufaulu wako wa sekondari katika hesabu na sayansi, jambo ambalo sisi watu wa lugha hupenda kulisahau.

Jibu la 2
Nakubaliana na aliyetangulia, ingawa mimi ningeanza na mwaka mmoja wa usaidizi kabla ya kulipa ada ya kozi yoyote, maana kuwapenda watoto ni jambo moja na kukaa nao darasani kutwa ni jambo jingine. Nami nilisomea lugha, na kilichonitoa jasho nilipokabidhiwa darasa kilikuwa hesabu. Juma la kwanza nilimkosesha mtoto aliyeandika 3,5, nikidhani hajui nukta inakaa wapi, kumbe huko desimali huandikwa kwa mkato. Baadaye nikafundisha 52 kutoa 27 kwa kukopa kumi kutoka kwenye 5, nao wakanitazama tu, kwa sababu walizoea kuifanya ile 2 ya juu kuwa 12 na ile 2 ya chini kuwa 3. Jibu ni 25 kwa njia zote mbili, lakini siku ile mwanafunzi nilikuwa mimi.

Mwuliza swali
Nimewaelewa, ahsanteni. Na vyeti je?

Jibu la 1
Kabla ya kulipia kozi, iandikie mamlaka inayosajili walimu katika nchi unayoitaka, uulize kama sifa hiyo itatambuliwa, nawe uyahifadhi majibu yao. Kwa nchi zilizo katika Mkataba wa The Hague wa 1961, vyeti hugongwa muhuri wa apostili, yaani uthibitisho kwamba saini na mihuri yake ni halisi, huko vilikotolewa, kwa hiyo lishughulikie kabla hujasafiri. Hati ya mwenendo mwema kutoka polisi ndiyo usiiwahishe mno, kwani waajiri wengi hawaipokei ikishakaa miezi kadhaa.