OpenJDK 21 kwenye mfumo wa BSD: java inakufa ikidai kumbukumbu haitoshi

Swali

Habari wakuu. Kikundi chetu cha kujitolea kinahamishia OpenJDK 21 (Java ya chanzo huria) kwenye mfumo mdogo wa familia ya BSD: x86-64, kompaila ya clang, hakuna `/proc` (folda ambamo Linux huonyesha taarifa za michakato), na keneli hairuhusu ukurasa wa kumbukumbu uandikwe na kutekelezwa kwa wakati mmoja. Mfumo hauna JDK (zana za kujengea programu za Java) yoyote, kwa hiyo tumekompaili kutoka Linux, na C2 (kompaila ya ndani ya Java yenye uboreshaji mkubwa) ikiwemo. `java -version` inakufa papo hapo ikilalamika kumbukumbu haitoshi, wakati GB 16 karibu zote ziko wazi. Tumekosea wapi, na kazi hii ipangwe vipi?

Jibu la 1

Kumbukumbu ipo, mkuu. Soma onyo lililo juu ya ujumbe huo, lenye `os::commit_memory(..., ..., 1) failed`. Tarakimu ya mwisho ndani ya mabano ndiyo ya kutazama: 1 maana yake HotSpot (mashine pepe inayoendesha Java) imeomba kumbukumbu ya kutekelezeka, na `os_bsd.cpp` huiomba ikiwa na PROT_READ, PROT_WRITE na PROT_EXEC kwa mpigo. Keneli imekataa, na HotSpot huchukulia kukataliwa huko kuwa ni upungufu.

OpenBSD ina kanuni hiyo tangu toleo la 6.0 (2016), na kule dawa ni mbili kwa pamoja: faili ya programu iungwe kwa `-Wl,-z,wxneeded`, na sehemu ya diski ilipo imauntiwe kwa `wxallowed`. Ya pili ndiyo husahaulika. `make images` huendesha java mpya ndani ya folda ya ujenzi, kabla hujasakinisha chochote. Folda hiyo ikiwa kwenye sehemu isiyo na ruhusa, ujenzi hukatika katikati ingawa `/usr/local` iko sawa. Tafuteni keneli yenu hutoa ruhusa hiyo kwa njia gani.

Jibu la 2

Naongezea kuhusu mpangilio. C2 iwekeni kando kabisa, anzeni na Zero:

`bash configure --with-jvm-variants=zero --enable-headless-only --with-debug-level=fastdebug`

Zero ni mkalimani ulioandikwa kwa C++ bila asembli. Unahitaji libffi tu (maktaba ya kuitia vitendaji vya C). Ni mzito mno kwa kazi za kila siku, lakini unawatengea makosa. Ukianguka, kosa liko `os/bsd` au `os_cpu/bsd_zero`. Ukisimama, endeleeni na `server` (HotSpot ya kawaida) kwa `-Xint` (mkalimani pekee), kisha `-XX:TieredStopAtLevel=1` (kompaila nyepesi ya C1), ndipo C2. Mkiruka hatua, mtasaka kwenye kompaila kosa lililo kwenye ishara za keneli.

Faida nyingine: JDK 21 hujengwa kwa JDK 20 au 21, kwa hiyo Zero hiyo ikishasimama mnaweza kujengea ndani ya mfumo wenyewe bila kutegemea Linux.

Upande wa Java mtahitaji `DefaultSelectorProvider` na `DefaultPollerProvider` za mfumo wenu (madarasa yanayochagua njia ya kusubiri mtandao). Mifano ya kqueue (njia ya BSD ya kusubiri matukio) iko kwenye folda ya `macosx`, msiiandike upya.

Mwuliza swali

Kweli ilikuwa 1, asanteni sana. Zero sasa inachapisha toleo, lakini fastdebug (ujenzi wenye ukaguzi wa ndani) inasimama kwenye assert (ukaguzi) ya mipaka ya steki kila thredi mpya inapoanza. Tumetumia `pthread_stackseg_np`.

Jibu la 3

Hapo wengi hujikwaa. Kwa OpenBSD, `ss_sp` inayorudishwa na `pthread_stackseg_np` ni kilele cha steki. Kwa FreeBSD, `pthread_attr_get_np` ikifuatwa na `pthread_attr_getstack` hurudisha anwani ya chini kabisa. HotSpot nayo huita `stack_base` ile anwani ya juu. Ukijumlisha ukubwa juu ya kilele, kurasa za ulinzi (zinazonasa steki ikifurika) zinawekwa nje ya steki kabisa. Msizime assert hiyo: ikinyamaza, StackOverflowError ya kawaida itageuka kuwa mchakato mzima kuanguka.

Mkifika `server`, kumbukeni HotSpot hutumia SIGSEGV makusudi, kukagua null na kusimamisha thredi. Ndani ya gdb andikeni `handle SIGSEGV nostop noprint pass`, la sivyo mtasimama kila sekunde. Majina ya rejista nayo hubadilika: Linux ni `gregs[REG_RIP]`, FreeBSD ni `mc_rip`, OpenBSD ni `sc_rip`.

Jibu la 2

Jambo moja kabla hamjazama. Toleo jipya hutoka kila miezi 6, na kila moja hujengwa kwa lililotangulia au kwa lenyewe. Mkilala matoleo matatu, mtayajenga yote kwa mfuatano. Unganisheni viraka vyenu na tawi kuu kila wiki, vikiwa vidogo, kila kimoja na sababu yake, na `make test TEST=tier1` ipite kabla ya kugusa kingine. Anayetaka kuvipeleka kwa mradi mkuu atie saini mkataba wa wachangiaji wa Oracle mapema, maana uhakiki wake huchukua muda.